Wauza kamera za filamu, acheni huu uongo wa "sijaijaribu, sina filamu"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakaoona nimepitiliza mnivumilie. Nimepigwa. Na sentensi iliyonipiga mnaijua wote mnaopitia matangazo ya kamera kuukuu: "Ipo safi kabisa, ila sijaijaribu kwa kuwa sina filamu."

SLR ya kizamani, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi inayotoka, inajaribika bila filamu, na haichukui hata dakika tano. Muuzaji anayesema hajaijaribu ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri mno. Wangu ni wa kundi la pili, na ushahidi ninao.

Aina ya kamera siitaji, maana kiwanda hakina kosa. Kilishamaliza kazi yake kabla sijazaliwa. Ni ya chuma, nzito, inang'aa, ina lenzi ya milimita 50. Picha za tangazo zilikuwa tisa: mbele, juu, kulia, kushoto, hadi mkanda wa kuning'iniza shingoni. Hakuna hata moja iliyoonyesha mgongo ukiwa wazi. Hapo ndipo ningeshtuka, ila nilishapenda, na mtu akishapenda haoni.

Nikatia mkanda wa filamu wa picha 36. Nikaumaliza wote siku mama alipotimiza miaka 70, watoto wake wote tumekusanyika, jambo ambalo halitokei mara mbili kwa mwaka. Nikapeleka kusafisha. Zilizorudi sijui niziiteje. Karibu kila picha ina mwali wa rangi ya chungwa unaoingia kutoka pembeni. Zile nilizopiga juani kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde zina ubavu mweusi kabisa, kama mtu kaziba kwa kiganja. Kuna moja mama anacheka, na dada yangu aliyesimama kuliani kwake hayupo. Kamezwa na giza.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu wakati huo: "Kaka, picha zimetoka na miali." Neno sponji sikulitaja. Jibu lake: "Hiyo ni sponji tu ya nyuma, inabadilishwa." Sasa nauliza, mtu ambaye hajawahi kuijaribu kamera, sponji yake imeoza kajuaje? Nilipombana akageuza wimbo, eti hiyo ndiyo ladha ya filamu, kuna watu wanalipia programu za simu wapate miali kama hiyo. Baadaye akaacha kujibu.

Nikaufungua mgongo taratibu nikiwa na tochi. Kwenye ule mfereji ambao mlango hujifungia ndani yake kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Nilipoigusa kwa dole gumba ilibaki kidoleni, laini na yenye kunata kama lami ya mchana. Kamera nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziko hivyo, sponji hailali miaka 40 ikabaki sponji. Kuibadilisha si kazi kubwa na wala si hiyo inayoniuma. Kinachoniuma ni shata, yale mapazia yanayofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, kwa sababu huo ubavu mweusi hautibiwi kwa sponji na gundi. Mapazia mawili yanatakiwa yafukuzane kwa umbali uleule mwanzo hadi mwisho. Grisi ikikauka, la nyuma linalikuta la mbele kabla halijafika, na upande mmoja wa picha haupati mwanga. Inatakiwa fundi aifungue, aisafishe, aipime. Mkiuliza gharama ya fundi mtakuta mara nyingi inaipita kamera yenyewe.

Na haya yote yanaonekana bila filamu! Fungua mgongo, toa lenzi, elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga, weka 1/1000, vuta wenzo wa kusogeza filamu, bonyeza huku jicho likiwa nyuma. Unatakiwa uone mstatili mzima ukimweka. Ukiona upande mmoja hauwaki, achana nayo. Kisha weka sekunde 1 na usikilize: kamera yenye vyuma vizima inazunguka mpaka mwisho na kufunga, mbovu inakwama katikati au inajivuta mpaka unaihurumia. Kioo cha ndani kirudi chini chenyewe. Funua mahali pa betri, na ukikuta unga wa kijani au mweupe jua betri ilivujia humo ikala nyaya.

Lenzi nayo ina hadithi yake. Aliniambia ina vumbi kidogo. Vumbi halina shida, hata mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele mara nyingi huuoni kwenye picha, msiogopeshwe na hayo. Ila nilipopitisha tochi kutoka nyuma niliona nyuzi nyembamba zimetambaa kama utando wa buibui. Ni fangasi, na wakikaa sana wanakula hadi utando wa kioo, ukisafisha unabaki na kovu. Tena visu vya aparcha, lile tundu la lenzi linalopanuka na kubana kupitisha mwanga, vina mafuta. Ukisukuma kale kawenzo ka nyuma vinatakiwa vifunge paa! vikiachiwa virudi paa! Vyangu vinasogea kama vimetoka usingizini, maana yake shata inafunguka kabla havijafika, na mwanga unaingia kupita kiasi.

Juu ya hayo akaniuzia na lenzi ya pili, ya zumu, akiniapia "inaingia kamera zote". Hakuna lenzi inayoingia kamera zote. Canon peke yake, mwaka 1987 waliacha mdomo wa FD (mdomo ni pale lenzi inapokaa) wakahamia EF, na lenzi ya FD haikai kwenye kamera zao mpya za EOS. Nikon wana mdomo wa F tangu 1959, lakini hata hapo zile za kabla ya 1977 ambazo hazijabadilishwa zinaweza kuumiza baadhi ya kamera zilizofuata. Ya kwangu haikuzunguka hata robo. Sasa inashikilia karatasi mezani zisipeperuke.

Lawama nyingine iwaendee wanaotushauri. Kila anayeanza anatajiwa Canon AE-1, basi bei inapaa, na hakuna anayemwambia kwamba hiyo betri ikiisha shata haifunguki kabisa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, betri yake ni ya kipima mwanga tu, ikifa unaendelea kupiga. Mwingine anapewa Minolta SRT 101 bila kuambiwa iliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo siku hizi haiuzwi. Ukiweka ya volti 1.5, kipima mwanga kinakudanganya, bora hata zile za vifaa vya usikivu za volti 1.4. Halafu zile SLR za plastiki za mwisho, kama Canon EOS 300 ya 1999 au Nikon F80 ya 2000, watu wanazipita kwa kuwa hazipendezi shingoni. Zinavuta mkanda zenyewe, zinalenga zenyewe, na kwa kawaida utazipata kwa bei ya chini. Ningenunua moja ya hizo na lenzi ya milimita 50 inayofunguka sana (f/1.8), dada yangu angekuwepo kwenye picha.

Anayesema "ndiyo mitumba, ukubali" namwambia ukuukuu siupingi. Angeandika "shata haiko sawa, sponji imeoza, lenzi ina fangasi", ningepunguziwa bei au ningepita zangu. Kaniuzia mbuzi kwenye gunia huku akijua mbuzi hana mguu.

Jana usiku nimeliona tangazo lake jipya. Kamera nyingine, picha tisa, mgongo umefungwa, na sentensi ni ileile. Nimemwandikia kwa namba ya mdogo wangu, nikamwomba kavideo ka sekunde kumi: mgongo uwe wazi, kasi iwe sekunde 1, abonyeze nisikie tu.

Kausoma. Mpaka naandika hapa hajajibu.