Mrejesho: uzito wa kikombe cha unga

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini keki yangu hutoka kavu ilhali nafuata vipimo vya vikombe kwa uangalifu, nanyi mkanishauri nitumie mizani. Nimefanya hivyo, na nawashukuru kwa dhati.

Kikombe kile kile cha mililita 240, nilipokizamisha mfukoni na kushindilia unga wa ngano, kilibeba gramu 152. Nilipoulegeza unga kwanza, nikaujaza kwa kijiko na kuusawazisha kwa mgongo wa kisu, kilibeba gramu 121. Kwa keki ya vikombe vitatu vya unga, tofauti hiyo ni gramu 93, yaani takribani robo tatu ya kikombe kizima, na hapo ndipo keki ilipoharibikia.

Sukari haikunisumbua, kwani chembe zake hazishindiliki kama unga: kila mara ilikuwa karibu gramu 200. Mafuta ya alizeti yalikuwa gramu 220, ingawa maji ya kikombe hicho hicho yana gramu 240.

Jumamosi nilioka tena kwa gramu 363 za unga. Nilipoikata keki, kisu kilipita bila kuangusha makombo, na ndani ilikuwa na unyevu hadi katikati.