Niliomba rimu nyeupe, nikapewa nyeusi iliyofunika ufa

Wadau wa Nakuru, na nyinyi wa Kisumu na Eldoret mnaokuja huku kwa autokrosi, mbio za magari kwenye uwanja wa udongo, nina hasira na sitaificha.

Nilipeleka rimu nne za magurudumu ya Subaru Impreza yangu, gari langu la mbio, kwenye gereji moja ya rangi hapa mjini. Maagizo niliyatoa kwa mdomo, kisha nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye rimu ya juu: toeni rangi ya zamani kwa dawa, msipige mchanga, niiteni nizikague zikiwa uchi, halafu mpulize nyeupe nyembamba. Nusu ya pesa nikatuma kwa simu siku hiyo hiyo.

Siku ya sita naitwa nikachukue mzigo. Nafika, nakuta zimepigwa mchanga, zimepakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye tanuri, nyeusi inayong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Namuuliza fundi karatasi yangu iko wapi. Ananiambia, "Bosi, nyeupe inachafuka. Nyeusi ndiyo vijana wanataka siku hizi."

Inachafuka! Ndiyo sababu niliitaka!

Wikendi hiyo nilikuwa na mbio, kwa hiyo nikafunga tairi nikaenda. Baada ya mbio za pili gurudumu la mbele kushoto likaanza kupoteza upepo. Jioni naweka upepo wa psi 32, asubuhi nakuta 20. Mtu wa pancha akatafuta msumari, hakuna. Akalitumbukiza gurudumu zima ndani ya pipa la maji, tukainama wote wawili kuangalia. Mapovu hayakutoka kwenye tairi. Yalitoka kwenye rimu yenyewe, ukingo wa ndani ule usiouona gari likiwa limesimama, madogo madogo, yakipanda juu mstari mmoja kama uzi.

Nikaivua tairi, nikaipaka rimu dawa ya kutoa rangi na kuisugua kwa mswaki. Ule ufa ni mrefu kama pingili ya kidole, umeanzia ukingoni ukaingia ndani. Nikaigeuza. Nyuma, pale spoku (mkono wa rimu) inapokutana na kitovu karibu na tundu la nati, kuna mwingine mfupi kama ukucha. Huo wa pili ndio ulioninyima usingizi. Wa ukingoni unakumalizia upepo na unakupa muda wa kusimama. Wa kwenye spoku unakupokonya gurudumu zima ukiwa kwenye kona.

Sasa nisikilizeni hapa. Ndani ya mdomo wa ule ufa wa ukingoni nilikuta rangi nyeusi imeingia na kukaukia humo. Rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haujazaliwa. Rimu yangu iliingia kwenye tanuri ikiwa imepasuka, na kuna mtu aliyeishika mkononi, akaitundika, akaipaka. Kama hakuuona, ni kwa sababu ya mchanga: ukipiga mchanga kwenye alumini, tabaka la juu linasambaa na kubana midomo ya nyufa ndogo mpaka jicho lisiione. Ndiyo maana niliandika "msipige mchanga". Sikuandika kwa madaha.

Kwa wasiojua kwa nini tunang'ang'ania nyeupe, au rangi ya fedha iliyofifia: gari la mbio linapiga breki kali, linakata kona kwa tairi zinazonata, linaruka mashimo ya murram. Alumini inakunjwa kidogo na kurudi, mara elfu na elfu, mpaka inachoka. Ufa ukianza, unafunguka na kufunga kila gurudumu linapozunguka, na vumbi la breki linaingia humo. Kwenye nyeupe iliyofifia unaona mstari mweusi kama unywele kwenye sahani. Unafuta kwa kitambaa, haufutiki, unajua rimu imekwisha. Kwenye nyeusi ya kung'aa unaona uso wako na taa za banda.

Na rangi ya unga ni balaa zaidi, hata ingekuwa nyeupe. Ni nene, mara nyingi mikroni (sehemu za elfu za milimita) 60 hadi 100, halafu inavutika. Alumini inapasuka chini, rangi inabaki imeshikana juu kama ngozi. Rangi nyembamba ya kupulizwa inapasuka pamoja na alumini, na hiyo ndiyo kazi tunayoitakia. Kwa gari la kwenda sokoni na kanisani, oka rangi unayopenda, sina neno. Gari la mbio lina mahitaji yake, na mteja akikwambia mahitaji hayo yafuate.

Nilirudi gereji na rimu mkononi. Walivyonijibu ndivyo vilivyoniletea hasira hii. Kwanza, "rangi haivunji rimu". Ni kweli, na sikusema imevunja. Pili, "uliendesha vibaya". Tatu, nashindwa hata kuandika, wakajitolea kuichomelea kwa gesi ya argoni, bure, na kuipaka tena nyeusi! Kuchomelea karibu na kitovu! Alumini ya rimu nyingi hutiwa ugumu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea unalainisha eneo lote linalozunguka, kisha wao wanalificha chini ya rangi, na mimi nikae hapo juu nimefunga mkanda.

Nimeikata ile rimu vipande viwili kwa grainda ili asije mtu akaiokota na kuiuza. Gereji nawadai pesa ya kazi ambayo sikuagiza na bei ya rimu moja, na hawapokei simu.

Zimebaki tatu, bado nyeusi. Natoa rangi kwa dawa, moja kila jioni. Nikimaliza nataka kuzipima kwa ile dawa nyekundu ya kupenya: unapulizia, unasubiri dakika 10 hadi 20, unafuta, unapulizia unga mweupe, na penye ufa wekundu unachuruzika wenyewe. Aliye na makopo hayo Nakuru au Kisumu anijibu hapa, nitalipia. Na kama rimu zako zilipakwa nyeusi mwaka huu na gari unalikimbiza uwanjani, lipandishe jeki leo jioni, chukua tochi, anza na ukingo wa ndani.