MJADALA: Mtihani wa Kiingereza wa kompyuta kwa watoto wa darasa la pili, tunapima lugha au tunapima mkono?

Mzazi wa Ilazo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa darasa la pili, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dodoma mjini, jina la shule naliacha. Wiki iliyopita tuliitwa kikao. Uongozi unataka watoto wote wa darasa la pili na la tatu wafanye Starters, ule mtihani wa Cambridge wa ngazi ya chini kabisa, na wameamua uwe wa kompyuta, siyo wa karatasi. Ada yake ukijumlisha na tuisheni ya Jumamosi unapata beberu wa maana kabisa mnadani Msalato.

Pesa siyo kilio changu kikubwa. Juzi walifanya jaribio, wazazi tukaruhusiwa kuchungulia dirishani. Sauti kwenye kompyuta ikasema mpira uwekwe chini ya meza. Binti yangu akaelewa, nilimwona midomo ikirudia "under, under". Akashika mausi kwa mikono miwili, akauvuta mpira, ukamponyoka katikati ya njia. Akauvuta tena, ukamponyoka tena. Mwisho akaacha mausi akaanza kusukuma kioo kwa kidole, kama afanyavyo kwenye simu ya mama yake. Kioo kimya. Akaangalia dirishani nilipo, machozi yakaanza.

Kiingereza alikijua, wakuu. Kilichomkwamisha ni mausi.

Ndiyo maana nauliza: ni haki kumpima mtoto wa miaka saba lugha ya kigeni kwa chombo ambacho hajawahi kukishika? Mimi nasema waahirishe mwaka mzima, au wafanye kwa karatasi na penseli za rangi. Nishawishini vinginevyo.

Mwalimu wa Kisasa

Mkuu, pole kwa binti. Nafundisha hao hao watoto katika shule nyingine hapa Kisasa na nimewahi kuandaa darasa kwa Starters ya karatasi, naomba tuuelewe mtihani kwanza.

Una sehemu tatu. Kusikiliza, maswali 20, kama dakika 20. Kusoma na kuandika, maswali 25, dakika 20. Kuzungumza, dakika tatu hadi tano, na kwa watoto wengi ndiyo inayoisha kabla hawajaanza kuogopa. Hakuna kufaulu wala kufeli. Mtoto anapewa ngao, moja hadi tano kwa kila sehemu, jumla ya juu kabisa ni 15, na kila aliyemaliza sehemu zote anapata cheti. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "akifeli je?" anaongea habari za NECTA, baraza la mitihani la taifa. Na hata NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, sisi wazazi na walimu ndio tumebaki na ugonjwa wa kupanga namba.

Mausi ni tatizo la wiki mbili. Tatizo lenye mizizi ni majina ya herufi, na hilo hamkuliona dirishani. Kuna swali katika kusikiliza ambapo mtoto anatajiwa jina herufi kwa herufi, aandike. Mtoto wetu amejifunza a, e, i, o, u tangu chekechea. Kwa Kiingereza A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", I inaitwa "ai". Sasa mtajie Jane: jei, ei, en, ii. Ataandika nini? Nimeliona mara nyingi mno: J, E, N, I. Jeni! Ameandika jina sahihi kabisa kwa Kiswahili chake, masikio hayana kosa, na alama hapati.

Hilo halitibiwi kwa karatasi wala kwa kompyuta. Linatibiwa kwa wimbo wa herufi kila asubuhi, na mchezo wa kutajiana majina ya wenzao darasani. Shule yako ikifanya hivyo ni shule. Ikiwakalisha watoto Jumamosi nzima kurudia karatasi za majaribio, hapo nakuunga mkono ulalamike.

Mama wa Chang'ombe

Mnanichekesha. Wangu yuko shule ya serikali, wanakaa watatu dawati moja, kompyuta anaiona stesheneri ninapokwenda kutoa kopi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umemletea Kiingereza tangu darasa la kwanza, sawa, lakini masomo mengine yote ni Kiswahili mpaka amalize msingi. Kidato cha kwanza ndiyo anamwagiwa ndoo nzima, baiolojia, jiografia, kila kitu kwa Kiingereza. Huyo wa kwako analilia mausi. Wa kwangu atalia miaka minne na hakuna dirisha la mimi kuchungulia.

Endeleeni.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Mama hapo juu kagusa penyewe. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Mtoto wa kwetu anakuja na Kirangi cha nyumbani, anakutana na Kiswahili shuleni, na kabla hakijamkaa unamletea lugha ya tatu yenye tahajia ya ajabu. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, ba be bi bo bu, ndiyo maana KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, inawezekana. Kiingereza hakina adabu hiyo. Mtoto akiandika "haus" ametumia akili, halafu mashine inamwambia hapana.

Tangu 1967 elimu ya msingi ya serikali ni Kiswahili, na walioamua hivyo walikuwa na sababu zao. Mimi nasema mtoto asome na kuandika Kiswahili kwa ufasaha mpaka darasa la nne, ndipo muanze hayo ya ngao. Na maneno yenyewe sasa! Mjukuu wangu wa hapo Dodoma kaniletea orodha: badminton, hockey, kiwi, jellyfish. Jellyfish, Kondoa hii?

Mwalimu wa Kisasa

Shikamoo mzee wangu. Kwa jellyfish nakubali, bahari iko mbali na Kondoa. Lakini orodha hiyo hiyo ina goat, lizard, mango, beans, rice, na ina grape. Mtoto wa Dodoma akose neno la zabibu? Mimi huanzia hapo: tunatoka nje ya darasa, mbuzi anapita, mjusi yuko ukutani, mama muuza maembe yuko getini. Picha za maneno wameweka bure kwenye tovuti yao, na sampuli za mtihani pia, hakuna sababu ya kuuziwa kitabu cha mazoezi cha bei mbaya.

Pale unaposema asubiri mpaka darasa la nne, hapo mzee tunaachana. Wa shule hizi anafundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kumpima au kutompima, lugha yenyewe imeshamfika shingoni. Bora nijue anasikia kiasi gani kuliko nidhani anaelewa kwa sababu anaitikia "yes teacher".

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Marahaba. Hiyo "yes teacher" umenipiga nayo. Lakini kupima si lazima ulipishe.

Fundi wa Majengo

Wakuu mimi natengeneza kompyuta, lugha nawaachia walimu. Tatizo la mtoto wa mleta mada nalijua, na nusu yake ni la shule. Mausi nyingi za maabara ni za mkono wa mtu mzima, kiganja cha mtoto hakifiki kwenye kitufe huku kimeishika. Kuna ndogo, za waya, bei ya chini, watafute hizo. Pili, mwendo wa kishale upunguzwe kwenye mipangilio, ni kazi ya dakika moja kwa kila mashine. Ukiwa juu, mtoto akigusa kidogo picha imeshapita.

Kibodi nayo. Mtoto kajifunza herufi ndogo, kibodi ina herufi kubwa na hazijapangwa a, b, c. Nimemwona mtoto anatafuta "g" mpaka dakika zimekwisha, inamwangalia. Mwache acheze kuandika jina lake na majina ya wenzake, siku kumi tu utaona tofauti.

Halafu hedifoni. Zikiwa kubwa zinaanguka, mtoto anazishika kwa mkono mmoja na mausi kwa mwingine, hana mkono wa kupumzisha. Na muulizeni mkuu wa shule: siku hiyo umeme ukikatika kuna jenereta au betri za akiba? Kama jibu ni "Mungu atasaidia", fanyeni ya karatasi.

Mzazi wa Ilazo (mleta mada)

Nimewasoma wote. Mama wa Chang'ombe umeniweka kimya, sina jibu la kukupa na sitajifanya ninalo.

Kwa upande wangu nabadilisha kidogo. Nilikuja kusema waahirishe, sasa naona mausi niliipa lawama zote kwa sababu ndiyo niliyoiona. Jana usiku nilimtajia binti jina la rafiki yake, herufi moja moja kwa Kiingereza kama Mwalimu alivyoeleza. Rafiki anaitwa Grace. Akaniandikia vizuri mpaka R, kisha E, kisha S, kisha I. Gresi! Nilicheka, naye akacheka, hakujua tunacheka nini.

Ninachopeleka kikaoni Ijumaa ni hiki. Mtihani uwe wa hiari, asiyelipa asitengwe Jumamosi na wenzake. Tuisheni ya karatasi za majaribio ifutwe, muda huo uwe wa nyimbo za herufi na kucheza na kibodi. Mashine zipimwe mbele ya wazazi, na hilo la umeme lijibiwe kwa maandishi. Wakikataa yote manne namtoa binti kwenye orodha, na mzee wa Kondoa atakuwa ameshinda kwa upande wangu.

Fundi, hizo mausi ndogo nazipata Majengo kwako au niende Sabasaba? Na za mkono wa kushoto zipo? Huyu wangu, nimegundua jana, anashika kila kitu kwa kushoto.

Fundi wa Majengo

Njoo Majengo. Ya kushoto hainunuliwi mkuu, chukua yenye umbo sawa pande zote, vitufe tunavigeuza kwenye mipangilio. Njoo naye, aijaribu mwenyewe.