MREJESHO: Wa pili nimemzaa kwa njia ya kawaida
Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza kama naweza kumzaa wa pili kawaida baada ya wa kwanza kuja kwa kisu. Nimeweza! Binti, kilo 3.1, juzi alfajiri.

Daktari alikubali kwa sababu kovu langu ni la mlalo, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, na ilishapita miaka 3. Ila alisisitiza nizalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, na uchungu uje wenyewe. Uchungu ulinichukua masaa 11, nesi akisikiliza mapigo ya mtoto kila mara na kuniuliza kama kovu linauma. Jamani, msinywe dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, kovu linaweza kuachia.

Asanteni kwa dua zenu. Mama mkwe kashaleta mtori.