MJADALA: Mtoto mahututi aingizwe kwenye utafiti kabla mzazi hajasaini?

Mleta mada

Wadau, kila panapotajwa utafiti wa tiba kwa watoto kuna hoja inarudi: kumpa mtoto mahututi tiba ya majaribio, au kumchukua damu ya utafiti, halafu mzazi akasainishwa baadaye, ni dhuluma na ipigwe marufuku moja kwa moja. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi wodi ya watoto mkoani Tanga, na sikubaliani na marufuku hiyo. Naweka msimamo wangu mezani, mnipinge.

Kwanza kisa chenyewe, maana wengi wanabishana bila kukijua. Kuanzia mwaka 2009 hadi Januari 2011 ulifanyika utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali 6: Kilifi kwa upande wa Kenya, Muheza kwa Tanzania, na 4 za Uganda, zikiwemo Mulago, Mbale na Soroti. Aliuongoza Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Swali lilikuwa hili: mtoto ana homa kali, amepoteza fahamu au anahema kwa taabu, na mzunguko wa damu umelegea. Umjaze maji ya dripu kwa kasi ndani ya saa ya kwanza, au umpe taratibu? Miongozo ya nchi tajiri ilisema mjaze haraka.

Watoto 3,141 wakagawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kadiri walivyohitaji; tofauti ilikuwa kwenye maji tu. Ndani ya saa 48, waliojazwa maji haraka, yawe ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Waliopewa taratibu walikufa 7.3 katika kila 100. Kamati huru ya usalama ilipoona hivyo, ikaamuru kazi isimame kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka, wala si maji kujaa mapafuni au kwenye ubongo kama wengi tulivyodhani.

Sasa ridhaa. Kamati za maadili, zile zinazoidhinisha utafiti, zilikubali kwamba pale ambapo haiwezekani kupata saini kwanza, mzazi aombwe kwa mdomo, tiba ianze, kisha hali ikitulia aelezwe kila kitu na asaini au akatae. Hapo ndipo penye ugomvi.

Nawaomba mfikirie chumba cha mapokezi saa nane usiku. Mtoto wa miaka miwili kaletwa na bodaboda. Unabana kucha ya dole gumba mpaka inakuwa nyeupe, unaachia, unahesabu: moja, mbili, tatu, nne, bado wekundu haujarudi. Baridi imempanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nesi anatafuta mshipa, haupatikani. Mama ana khanga iliyolowa matapishi na kila unachomwambia anaitikia "ndiyo", hata ukimuuliza mtoto anaitwa nani. Mume yuko mbali, simu haipokelewi, na nyumbani jambo la mtoto haliamuliwi bila yeye au mama mkwe. Mpe huyo mama fomu ya kurasa kadhaa na kidau cha wino. Ataweka dole gumba, kwa sababu anaamini akikataa mtoto hatatibiwa. Ile si ridhaa. Ni hofu iliyochovywa wino, na mimi naona aibu zaidi kuichukua hiyo kuliko kumwomba kwa maneno machache kisha nikarudi asubuhi kukaa naye.

Mkisema basi tuwachukue wale tu ambao wazazi wao wametulia, mtapata watoto wenye nafuu. Majibu yao ndiyo yatakayotumika kwa walio kufani.

Ila nusu ya hoja yenu naikubali kwa moyo wote, nayo ni ile ya damu ya utafiti. Ruhusa ya dharura inahusu tiba isiyoweza kungoja. Chupa ya ziada inayopelekwa maabara, ikatenganishwa chembe zake na kuwekwa kwenye friza kwa miaka, haina dharura yoyote. Tunao mfano hapo hapo Kilifi. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwenye jarida la Nature jinsi aina ya damu iitwayo Dantu inavyomkinga mtu na malaria kali: utando wa chembe nyekundu unakuwa umekazwa zaidi, kimelea kinashindwa kupenya. Walitumia damu ya watoto 42 wenye afya njema. Watoto wenye afya! Wazazi wao walikuwa na nafasi ya kuuliza, kwenda nyumbani kushauriana na kurudi. Biolojia ya chembe inaweza kungoja, kwa hiyo ingoje. Asiwepo mtu wa kupitisha damu ya kuhifadhi chini ya kivuli cha dripu.

Karibuni.

Nesi wa zamu

Mkuu, nakuunga mkono kuhusu mapokezi, umesema kweli tupu. Lakini umeruka kitu. Unasema miongozo ya nchi tajiri iliagiza kujaza maji. Sawa. Je, hospitali zetu za wilaya zilikuwa zinafanya hivyo? Nyingi hazikuwa na mazoea hayo. Maana yake kuna watoto waliopewa maji mengi kwa sababu tu utafiti ulikuwepo. Mama wa mtoto mmojawapo akikuuliza, "mwanangu angekuwa hai kama mngemhudumia kama siku zote?" utamjibu nini?

Na jingine, hata baada ya matokeo kutoka, wodini mambo hayakubadilika kesho yake. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wa dharura za watoto mwaka 2016, miaka mitano baadaye.

Mzazi wa Malindi

Daktari, shikamoo. Umeandika kwa upole, nami nitajibu kwa upole.

Huku kwetu Pwani tumelelewa na habari za mumiani wanaonyonya watu damu, na uvumi wa namna hiyo umewahi kuwaandama hata watafiti wa Kilifi. Wasomi wanauona ushirikina. Lakini mtu anayekuja na sindano, anachukua damu, anaondoka, na majibu hurudishiwi, ulitaka tumwite nani? Uvumi unapungua pale watu wanapokaa kwenye baraza na kuulizana na watafiti uso kwa uso. Kilifi wana wawakilishi wa jamii kwa kazi hiyo, na hilo nalisifu.

Usisahau Kano, Nigeria, mwaka 1996. Wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya trovafloxacin kwa watoto 200, nusu wakapewa hiyo, nusu dawa ya kawaida. Watoto 11 walikufa, katika makundi yote mawili. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Pale pia hoja ilikuwa dharura. Mlango mnaoufungua nyinyi kwa nia njema, mwingine ataupitia kwa nia yake.

Na mtoto akifa alfajiri, kabla hujarudi na maelezo yako? Huyo mama ataambiwa au hataambiwa?

Mleta mada

Marahaba mama, na ahsante.

Nesi, swali lako ndilo zito kuliko yote na sitalikwepa. Ndiyo, kuna watoto waliopata tiba mbaya ambayo pengine wasingeipata siku hiyo. Nitamwambia huyo mama kwamba hatukujua, kwamba tulidhani tunampa kilicho bora, na kwamba ile kamati ilikuwepo kuhesabu vifo ili tusimame mapema. Tusingepima, shinikizo lilikuwa la kuieneza tiba ile kila wilaya, bila mtu wa kuhesabu. Najua jibu hilo halimrudishii mtoto.

Kuhusu Kano, tofauti ninayoiona ni kwamba FEAST ilipita kwa kamati za maadili kabla ya mtoto wa kwanza, ikasimamishwa na watu wasio watafiti wenyewe, na matokeo yaliyowaumbua waliotarajia kinyume yakachapishwa hadharani mwaka huo huo. Bila hayo matatu, nami nitakuwa upande wako wa marufuku.

Kuhusu mtoto aliyekufa: mama aambiwe. Najua wenzangu wengi wanaona ni kumwongezea msiba, kwamba atajiona ndiye aliyemtoa mwanawe kwa kusema "ndiyo" ile ya usiku. Mimi nasema asielezwe siku ya kuzika. Aendewe baadaye nyumbani, na mtu anayemfahamu, mhudumu wa afya wa kijiji kwa mfano, na asiombwe saini yoyote.

Mzazi wa Malindi

Kuitenga fomu ya tiba na ya damu tumekubaliana, hilo naweza kulisimamia hata barazani. Kwa mtoto aliyekufa bado. Ukimwendea mama kumweleza bila kumwomba saini, taarifa za mwanawe zimeshaingia kwenye hesabu zenu. Akisema "mtoeni", mtamtoa?