Naomba ushauri: hadithi ya kumsaidia mtoto anayepandwa na hasira mchezo wake unapokatizwa

Mama wa Kibirizi:

Habari zenu, wazazi na walimu. Kazi yangu ni kuanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na nina mtoto wa kiume wa miaka sita ambaye amenifikisha mahali pa kuomba msaada. Ni mtoto mpole na mwepesi wa kuelewa, lakini jambo likimkatiza ghafla katika kile anachokifanya, hupandwa na hasira kiasi kwamba hasikii la mtu.

Wiki iliyopita mvua ilitushukia kutoka upande wa milimani, na kila mtu akakimbilia vichanja kuanua. Yeye alikuwa amejenga nyumba tatu za mchanga, akizungushia ua wa vijiti. Nilimnyanyua kwa mkono mmoja, beseni likiwa katika mkono mwingine. Alijitupa chini, akarusha mchanga juu ya dagaa wa jirani, na dada yake alipomshika akamng'ata mkono mpaka alama za meno zikabaki. Jirani alinidai fidia, nami nikalipa.

Nimemchapa, na siku nyingine nimemnunulia karanga ili anyamaze, vyote havikufaa. Ndugu yangu mmoja alinieleza habari za hadithi za kijamii, yaani hadithi fupi za kumweleza mtoto jambo linalomsumbua, nikaandika hii: "Mtoto mzuri halii. Mvua ikinyesha usilie. Usimng'ate dada. Ukilia, Mama atakasirika." Nilipomsomea mara ya pili aliziba masikio kwa viganja. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Ujiji:

Pole sana, dada. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, na kosa lako ni lile ambalo karibu sote tulianza nalo: ulichoandika ni amri nne zilizovishwa nguo ya hadithi.

Njia hii ilianzishwa na Carol Gray, mwalimu wa jimbo la Michigan nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya watoto wenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayofanya kuwasiliana na kuwaelewa watu kuwe kugumu, na baadaye ikatumika kwa watoto wengine pia. Kazi yake ya kwanza ni kumweleza mtoto jambo ambalo sisi watu wazima tunadhani analijua: kinachotokea, sababu yake, na namna wengine wanavyolihisi. Ndiyo maana kila sentensi moja ya kumwelekeza inapaswa kusindikizwa na mbili au zaidi za kueleza tu. Hebu jiulize kama mwanao anajua kwa nini mnakimbia. Anachokiona ni watu wazima wote wamegeuka ghafla, wanapaza sauti, na mama yake amemnyakua kutoka kwenye nyumba zake. Kwa mtoto wa miaka sita, hilo ni tisho kweli kweli.

Jaribu kuanzia na hii, kisha uibadilishe kwa maneno ya nyumbani kwenu:

"Mimi na Mama huenda mwaloni. Mama huanika dagaa ili jua liwakaushe. Wakati mwingine mvua huja ghafla. Dagaa wakilowa huharibika, kwa hiyo watu hukimbia kuwaanua. Hupaza sauti ili waitane; hawajanikasirikia mimi. Mvua ikija, mchezo wangu husimama. Huenda nikahisi kifua kinabana na mikono inapata joto. Hiyo ni hasira, na watoto wengi huihisi. Nitajaribu kusimama chini ya bati na kupuliza polepole, kama ninayepoza uji. Mama akimaliza kuanua, atanifuata pale. Mara nyingi mvua ikikatika, naweza kucheza tena."

Tazama kwamba humo hamna "usi" hata moja, na kwamba anayesema ni mtoto mwenyewe. Tazama pia neno "mara nyingi". Watoto wa namna hii hulishika neno kama lilivyo. Ukiandika kwamba mvua ikikatika atacheza, na siku hiyo giza likaingia, hadithi nzima imekuwa ya uongo. Kwa sababu hiyo hiyo, sentensi inayosema utamfuata chini ya bati ni deni lako. Hata kama beseni bado li mkononi, mfuate.

Msomee akiwa ametulia, kwa mfano asubuhi baada ya uji, wala usithubutu kuisoma katikati ya hasira, kwa kuwa wakati huo hakuna anachokipokea. Mchoree picha, kisha mfanye mazoezi siku ya jua kali: wewe useme "mvua!", naye aende kwenye bati apulize. Tafiti kuhusu hadithi hizi zimetoa matokeo yanayotofautiana, na mimi mwenyewe sijaona ikifanya kazi bila mazoezi.

Bibi wa Mwandiga:

Wajukuu zangu, sisi tulilelewa kwa paukwa pakawa, kwa sungura na fisi, na tulijifunza. Kwa nini mtoto asisimuliwe ngano ya sungura aliyenyeshewa?

Mwalimu wa Ujiji:

Shikamoo, bibi. Ngano asinyimwe, lakini katika ngano fisi hupigwa na sungura huponea kwa hila, na mtoto aliyekwisha kuchapwa kwa hasira yake atajiona yeye ndiye fisi. Hadithi hii haina wa kuadhibiwa.

Bibi wa Mwandiga:

Marahaba. Basi chukueni kwetu lile la kuitikia. Mama aseme "Mvua ikija," mtoto amalizie "mchezo wangu husimama." Mtoto hushika alichokitamka kwa kinywa chake.

Baba wa Gungu:

Dada, mimi ni mvuvi, na binti yangu alikuwa akilia kila jioni nikibeba taa kwenda kwenye mtumbwi. Tuliandika hadithi ya safari yangu, lakini kilichomtuliza hasa ni ukurasa wa mbalamwezi, unaosema kwamba mwezi ukiwa mpevu Baba halali ziwani. Sasa anauangalia mwezi mwenyewe na kuhesabu. Tafuta katika mvua yenu kitu ambacho mwanao anaweza kukiona kabla haijafika, kama upepo au wingu la milimani, ukiandike.

Muuguzi K.:

Naongeza moja tu. Ikiwa haitikii anapoitwa jina, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au hujiumiza mwenyewe, usiishie kwenye hadithi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Maweni achunguzwe, kuanzia masikio.

Mama wa Kibirizi:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Jina huitika na maneno anayo mengi, nashukuru. Niliandika hadithi kwenye daftari, dada yake akachora, nami nikaongeza wingu jeusi kama alivyosema Baba wa Gungu. Kuitikia amekupenda sana, bibi. Sasa hunikemea nikiruka neno.

Mvua imetukuta mwaloni mara mbili. Mara ya kwanza alilia na kupiga mateke, ingawa hakung'ata. Mara ya pili, juzi, aliliona wingu kabla yangu, akasema "Mama, linakuja," akaenda mwenyewe chini ya bati. Nilipomfuata nilimkuta akipuliza huku machozi yanamtoka, vijiti vya ua wake vyote vikiwa mkononi. Alikuwa ameving'oa ili visisombwe na maji. Mwalimu, sasa niandike ya kumng'ata dada?

Mwalimu wa Ujiji:

Hapana, dada, hiyo isubiri. Carol Gray anashauri kwamba angalau nusu ya hadithi za mtoto zieleze jambo analolifanya vizuri. Andika ya vijiti.