"Otomatiki ni otomatiki tu, bosi." Haya, njooni Uyole mnilipie giaboksi

Wakuu, leo sisalimii. Nitasalimia nikishamaliza kutema hili dukuduku.

Gari langu lina siku ya tisa gereji hapa Uyole, Mbeya. Limepandishwa juu ya magogo, giaboksi imelala chini kwenye kipande cha boksi, tumbo wazi, na kila anayepita lazima ainame achungulie, agune, kisha aniambie, "Kaka, si ungechukua manyuali tu." Wa leo asubuhi alikuwa muuza karanga. Nimeshauriwa habari za giaboksi na muuza karanga, na ubaya ni kwamba sikuwa na la kumjibu.

Nirudi nyuma kidogo. Kwa miaka sita nilikuwa na Corolla 110, gia tano za mkono. Nimepanda nayo Isyonje na magunia ya viazi kwenye buti, nimeshuka nayo Kitonga usiku nyuma ya malori, gia ya pili, mguu umepumzika pembeni ya breki. Klachi nilibadilisha mara moja tu, na hata hiyo niliiua mwenyewe kwa ujinga wa kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi wakati hendibreki ipo. Mwezi wa saba mmoja betri iligoma Kikondo, alfajiri, barafu imetanda kwenye majani. Vijana watatu wakasukuma, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka, nikawapa hela ya chai tukaachana kwa amani. Hiyo ndiyo manyuali. Inakusumbua, lakini inasumbua kwa lugha unayoielewa.

Sasa kwa nini niliuza? Kwa sababu gari haliendeshwi na mimi peke yangu. Mama watoto anashuka nalo Mwanjelwa kila asubuhi, na tangu waanze kupanua barabara kuu kutoka Nsalaga kwenda Ifisi, foleni ya asubuhi ni ya hatua moja, simama, hatua moja, simama, na sehemu nyingine unasimama mlimani huku nyuma bajaji imekubusu bampa. Siku moja akarudi, akavua kiatu cha kushoto, akaniambia: "Huu mguu unakanyaga klachi mara mia mbili kabla sijafika kazini. Na nikiteleza nyuma nikagonga bajaji ya mtu, utalipa wewe?" Nilijaribu kumweleza habari za kuondoka kwa hendibreki. Aliniangalia tu. Alikuwa na haki, na hapo sibishani na mtu.

Ninaobishana nao ni hawa waliofuata.

Wa kwanza shemeji yangu wa Dar. Huyo kwake manyuali ni gari la mzee mstaafu na mtu wa teksi. "Shem, dunia imehama, chukua oto, unaweka D ya kwenda mbele, unasahau." Unasahau! Mtu ambaye mlima mrefu anaoupanda kwa siku ni flaiova ya Tazara (watu wa Kimara mniwie radhi) ananishauri mimi gari la kuishi nalo Mbeya. Nikamsikiliza. Hilo kosa ni langu, naliandika hapa ili lisipotee.

Wa pili ni muuzaji. Aina ya gari siitaji na yadi siitaji, msiniulize huko chini. Nilimuuliza swali moja la maana katika maisha yangu yote ya kununua magari: hii giaboksi ni ya aina gani? Akajibu bila kupepesa, "Oto ya kawaida, bosi." Nikamuuliza ina gia ngapi. Akasema, "Oto haihesabiwi gia." Jamani. Otomatiki ya zamani ya kawaida ina gia nne, zinahesabika, na ukitulia unazisikia zikibadilika moja moja. Hii niliyouziwa haikuwa inabadilisha kitu. Unakanyaga mafuta, injini inalia sauti moja ndefu, gari linaongeza mwendo kama linavutwa na kamba. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo magari mapya yalivyo laini. Kumbe ni CVT.

Kwa wasiojua, CVT ndani haina gia kama zile za kupanga. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinajipanua na kujibana, ndiyo mkanda unapanda na kushuka na mwendo unabadilika bila kukata. Kinachofanya chuma ishike chuma bila kuteleza ni mgandamizo wa oili, na hiyo oili imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ilainishe na wakati huo huo iache mkanda ushike. Ile oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida, ATF, haikutengenezwa kwa hilo. Ukiiweka humo mkanda unaanza kuteleza, unakwangua puli, unga wa chuma unazunguka na oili unaziba vitundu vya kupitishia oili, na kuanzia hapo unahesabu siku tu.

Hayo yote nimeyajua nikiwa nimekaa juu ya ndoo hapa gereji. Kabla ya hapo nilikuwa na fundi.

Na sasa huyu wa tatu. Fundi ambaye nimemwamini miaka yote ile ya Corolla. Nikampelekea gari, nikamwambia, mwaga oili zote, injini na giaboksi, tuanze upya. Akamwaga. Akaweka nyekundu. Nikamuuliza kabisa, mbona ile iliyotoka rangi yake haifanani na hii? Akacheka, akafuta mikono kwenye ovaroli: "Bosi, ile ilikuwa imechakaa. Hii nyekundu ndiyo ya oto zote. Otomatiki ni otomatiki tu, bosi." Nikamlipa na ya soda nikamwongezea. Na siku hiyo stiki ya oili ya giaboksi ilikuwa mkononi mwake! Stiki yenyewe ina herufi tatu kubwa, CVT, na onyo kwamba usiweke kitu kingine. Ameivuta, ameifuta kwa kitambaa, ameirudisha. Hakusoma. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na simu, nami sikusoma.

Wiki ya tatu tukapata msiba Tukuyu. Gari limejaa, mama mkwe mbele, sufuria za watu nyuma. Tumeipita Igawilo tunaanza kupanda, naona mshale wa RPM, wa mizunguko ya injini, unapanda elfu tatu, elfu nne, gari lenyewe linatembea thelathini. Sauti kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Halafu likawa zito kabisa, taa ikawaka, na karibu na Isyonje likakataa. Injini inaunguruma, D ipo, gari halina habari. Ukungu umeshuka, mama mkwe kimya. Ule ukimya naomba msinikumbushe.

Msaada ukatokea, Canter ya viazi inarudi Uyole. Dereva kijana mzuri, moyo safi kabisa, akashusha kamba: "Mzee weka frii, tunakuvuta." Ndiyo, nikaweka frii, nikazima injini kuokoa mafuta, tukashuka mlima wote ule hivyo. Breki ngumu kama jiwe maana injini imezimwa, usukani mzito, nasali kila kona. Kumbe ndiyo nilikuwa namalizia mauaji. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, oili haizunguki, lakini matairi ya mbele yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu. Gari la namna hii linapakiwa, au matairi yanayovuta yanainuliwa juu. Manyuali ungeweka frii ukavutwa huku unapiga mluzi.

Bei ya giaboksi ya mtumba niliyotajiwa ni 1,400,000, ufundi mbali, oili mbali. Niliyemuuzia Corolla yangu nilikutana naye juzi Kabwe. Alinipigia honi.

Sasa kabla hamjaanza zile ngonjera zenu za "manyuali ndiyo gari la mwanaume": kaeni kimya kwanza. Jirani yangu ana otomatiki ya gia nne, gari dogo tu, anapanda nalo Kawetere kwenda Chunya mwaka wa ngapi huu. Anamwaga oili ya giaboksi kwa wakati, na kwenye mteremko anavuta gia anaweka 2 au L, zile za chini, injini inamshika. Wangapi kati yenu mnajua hizo herufi zina kazi gani? Nendeni pale Iwambi jioni mshushe vioo, msikie harufu ya breki za watu wanaoshuka na D mwanzo mwisho, wengine wanaweka N, yaani frii, eti wanabana mafuta! Kisha breki zikiwaka moto inasemwa otomatiki haifai milimani. Na CVT nayo siitukani. Yule aliyeniuzia ndiye ninayemtukana, na kama sivyo basi najitukana mimi, siku yangu inategemea nimeamka upande gani.

Kinachoniuma ni kwamba katika watu wote waliogusa hili gari, hakuna aliyesema "sijui". Shemeji hajui, anashauri. Muuzaji hajui, au anajua ananyamaza, anauza. Fundi hajui, anamwaga. Mtu akija na homa hospitali hapewi dawa kwa kuangalia rangi ya chupa, lakini giaboksi ya milioni na ushee inawekewa oili kwa kuangalia rangi. Anayetaka kununua, ingia chini ya boneti mwenyewe, vuta hiyo stiki usome. Kama haina stiki, muulize muuzaji oili inapimwaje, umwangalie usoni. Kisha usilijaribu pale yadi kwenye lami tambarare. Lipeleke mlimani nusu saa lipate moto, hapo ndipo litakuambia limetoka wapi. Akikataa, shika hela yako uondoke.

Nilitaka kuishia hapo, ila fundi mpya amenipigia sasa hivi wakati naandika. Furaha tele. "Bosi, giaboksi imepatikana Mwanjelwa, ya oto, nimeshaanza kuifunga." Nikamuuliza oto gani. Akasema, "Ya kawaida tu, bosi."

Nakimbia gereji. Maswali nitajibu usiku.